Mateka wa 1961: Lumumba, Jadotville au Kindu, uanze na kipi darasani?

Tangu Goma ichukuliwe na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, kozi ya uraia hapa Lubumbashi imepata mpinzani: simu. Wanafunzi wa humanite, yaani wa sekondari, wanaingia darasani wakiwa wameshaona askari aliyevuliwa buti, amekalishwa mchangani, mtu asiyeonekana sura anamhoji na wenzake wanacheka pembeni. Wakijua aliyekaa chini ni wa upande ule mwingine, nao wanacheka. Wakijua ni wa kwetu, wanapiga meza. Jaribu kuwaambia saa hiyo kwamba kuna sheria inayomlinda yule wa mchangani, uone kama kuna atakayekusikiliza.

Ushauri wangu kwa mwalimu, kwa msimamizi wa vijana parokiani, na kwa mtu wa kujitolea wa Croix-Rouge (Msalaba Mwekundu): achana kwanza na vita ya leo. Kila mtoto ana mjomba au kaka aliyetumwa Kivu, na hasira haisomeshwi. Anza na cha zamani. Mwaka 1961 peke yake unatupa visa vitatu vya watu waliokamatwa vitani, kimoja mjini hapa, kimoja Likasi, kimoja Kindu. Vyote vilitokea ndani ya miezi kumi na moja, katika vita ileile ya kujitenga kwa Katanga, na kila kimoja kiliisha kivyake. Ukivipanga pamoja unapata somo ambalo vitabu vingi vya kozi havina. Tatizo ni saa. Kozi ina saa chache, na ukianza na kisa kisichofaa, vingine viwili havitasikilizwa.

Nina kipimo kimoja cha kuchagulia. Naangalia kama kisa kinamweka mwanafunzi mahali pa mwenye ufunguo. Visa vingi vya mateso vinamweka mahali pa anayeteswa, na anayeteswa hana uamuzi wa kufanya. Ukimaliza kusimulia, darasa zima limehuzunika na hakuna aliyejiuliza angefanya nini kama yeye ndiye angekuwa mlangoni na bunduki. Kwa kipimo hicho naanza na Jadotville, yaani Likasi. Najua wengi watataka Lumumba, kwa hiyo nianze na yeye.

Lumumba, Mpolo na Okito: Januari

Patrice Lumumba alikamatwa mwanzoni mwa Desemba 1960 akiwa njiani kuelekea Stanleyville, Kisangani ya leo. Alirudishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mikono imefungwa kamba nyuma, kamera zikipiga picha, na askari mmoja akamsokomeza karatasi mdomoni. Akawekwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, Mbanza-Ngungu ya leo. Tarehe 17 Januari 1961 alipakiwa katika ndege pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti, wakapelekwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mikononi mwa serikali ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Walipigwa njia nzima. Ndege ilitua Luano karibu saa kumi na moja jioni. Kabla ya saa nne za usiku huohuo wote watatu walikuwa wameshapigwa risasi porini, upande wa barabara ya Jadotville, na askari wa Katanga waliokuwa chini ya amri ya afisa wa Kibelgiji, mawaziri wakishuhudia. Miili ilifukuliwa baadaye ikayeyushwa kwa asidi. Tarehe 13 Februari waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mateka walitoroka na kuuawa na wanakijiji.

Nguvu ya kisa hiki ni kwamba huhitaji kumtambulisha mtu. Mahali pake pia papo: Shilatembo, takriban kilomita 50 kutoka mjini. Juni 2022, jino lake, mabaki pekee yaliyokuwa yamebaki mikononi mwa Wabelgiji, liliporudishwa kwa familia, jeneza lilipitishwa hapo kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Darasa likipata gari, somo la huko linakaa kichwani kuliko la ubaoni.

Kinatoa pia mambo mawili ya sheria yaliyo wazi kabisa. La kwanza ni ile kamba na ile kamera. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 13, unasema mateka alindwe dhidi ya vitisho, matusi na udadisi wa umati. Picha ya Lumumba ndani ya lori ndiyo baba wa video za leo, na wanafunzi wanaliona hilo bila kuambiwa. La pili ni ile ndege. Kifungu cha 12 kinamkataza mwenye mateka kumkabidhi kwa mwingine ambaye hana nia wala uwezo wa kumtunza kwa mujibu wa mkataba. Léopoldville haikumuua Lumumba kwa mkono wake. Ilimpakia tu ndegeni ikijua anakopelekwa. Ukiuliza darasa nani ana hatia, wa kupakia au wa kupiga risasi, utapata mjadala mzuri.

Ila utaupata kama darasa halijagawanyika, na hapa Lubumbashi hilo si jambo la kulitegemea. Sanamu ya Tshombe imesimama mjini, pale Poste. Kuna watoto ambao babu zao walivaa sare ya jandarma, askari wa Katanga, na kuna wengine ambao wazee wao walifukuzwa huku kwa sababu wametoka Kasai. Somo linaanza na haki za mateka, na dakika kumi baadaye watu wanabishana nani mwenye nchi. Zaidi ya hapo, Lumumba hakuwa askari. Alikuwa waziri mkuu aliyeondolewa, mfungwa wa kisiasa, na mwanafunzi mwerevu atakuambia kwamba mkataba wa wafungwa wa vita haumhusu. Atakuwa na haki nusu. Kinachomlinda mtu wa namna yake katika vita ya ndani ni kifungu cha 3, kile ambacho mikataba yote minne ya Geneva inakirudia karibu neno kwa neno: yeyote asiyeshiriki tena mapigano asiuawe, asiteswe, asidhalilishwe, asihukumiwe bila mahakama halali. Basi kama unachagua kisa hiki, beba kifungu hicho, si kile cha 12 na cha 13 peke yake.

Kuna dawa moja ya kutuliza ubishi wa Katanga, na walimu wachache wanaitumia. Ni kifungo cha Tshombe mwenyewe. Tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyokuwamo ilitekwa angani ikapelekwa Algeria. Kinshasa ilikuwa imeshamhukumu kifo miezi michache nyuma, bila yeye kuwapo mahakamani, na Mobutu alimtaka arudishwe. Mahakama ya Algiers ilikubali arudishwe. Rais Boumédiène hakumtoa. Tshombe alikaa kifungoni huko hadi alipofariki tarehe 29 Juni 1969. Mweke karibu na Lumumba: mmoja alikabidhiwa kwa adui zake akaishi saa chache, mwingine hakukabidhiwa akafa kitandani. Mtoto wa jandarma na mtoto wa mfuasi wa Lumumba wanakuta sheria ileile inawatetea wazee wao wote wawili, na kelele zinapungua.

Jadotville: Septemba

Huku ndiko ningeanzia, na nitakaa kidogo.

Septemba 1961 kampuni moja ya askari wa Ireland, wanaume wapatao 155 chini ya Commandant Pat Quinlan, ilikuwa Jadotville, Likasi ya leo, kwa kofia ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 13, siku ambayo majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza operesheni dhidi ya serikali ya Tshombe mjini Élisabethville, jandarma wa Katanga na mamluki wa Kizungu waliwavamia. Wairishi wengi walikuwa kwenye misa, nje, uwanjani. Walizingirwa siku tano. Ndege moja ya Fouga iliwashambulia kutoka juu. Waliotumwa kuwaokoa walikwama kwenye daraja la Lufira. Jandarma wengi walikufa mbele ya mahandaki yale. Kwa Wairishi hakufa hata mmoja, watano walijeruhiwa. Tarehe 17, risasi zimekwisha na maji yamekwisha, Quinlan alijisalimisha.

Sasa simama hapo. Usiseme kilichofuata.

Waambie darasa: wewe ni jandarma. Una miaka ishirini. Kwa siku tano watu hawa wamewaua wenzako, baadhi mlikuwa mkilala nao hema moja. Leo wanatoka mahandakini mikono juu, midomo imekauka, wanaomba maji. Kiongozi wako hayupo. Una bidoni ya maji. Unafanya nini?

Mimi huweka bidoni ya kweli mezani, ile ya njano ya lita tano, imejaa. Kuna kijana mmoja alikaa nyuma kimya muda mrefu, mwishowe akasema, kwa Kiswahili cha hapa ambamo yaya ni ndugu mkubwa: "Mwalimu, kama huyu njo alimuuaka yaya yangu jana, mayi yangu nimupatie ya nini?" Hakuwa anatania. Nilikuwa nakusanya maneno ya kumjibu, binti wa dawati la mbele akageuka akamwambia, "Unamupatia juu hana tena bunduki." Wakaendelea wao kwa wao, mimi nikakaa. Binti yule hajasoma Geneva, lakini alichokisema ndicho mzizi wa sheria yote: ulinzi unaanza pale silaha inapowekwa chini, na hauangalii mtu alifanya nini nusu saa iliyopita. Kumpiga risasi aliyekwisha kujisalimisha ni kosa la vita, na hata kutangaza kabla ya vita kwamba "hatutaacha hata mmoja hai" ni kosa, kwa kanuni za The Hague za 1907 na kwa itifaki za Geneva za 1977.

Baada ya hapo ndipo unawasimulia mwisho. Wairishi wote walitoka hai. Walishikiliwa takriban wiki tano. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba, akiwa njiani kwenda kuzungumza na Tshombe. Mapigano yalisimamishwa siku chache baadaye. Na mwezi Oktoba mateka wakabadilishwa, Wairishi kwa Wakatanga waliokuwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Serikali ileile iliyompokea Lumumba Januari, jandarma walewale, safari hii walirudisha watu wakiwa hai.

Kwa nini? Hapa mwalimu asidanganye. Sidhani kwamba dhamiri ya Katanga ilikuwa imebadilika kati ya Januari na Septemba. Wairishi walikuwa na thamani ya kubadilishana, dunia nzima ilikuwa inawahesabu kwa majina, na upande wa pili ulikuwa na watu wa Tshombe gerezani. Lumumba alikuwa na thamani akiwa amekufa. Wairishi walikuwa na thamani wakiwa hai. Wanafunzi wanaelewa hesabu hiyo haraka, kwa sababu wanajua biashara. Kazi yako ni kuwasukuma hatua moja zaidi: kama adui hana mtu wetu hata mmoja wa kubadilishana, bado tumpe maji? Jibu la mkataba ni ndiyo. Kifungu cha kwanza kabisa cha mikataba ya Geneva kinasema iheshimiwe katika hali zote, na hakuna sharti la "kama wenzetu nao wanaheshimu". Wasiokubali waache wasikubali, ila wawe wamelisikia.

Kuna na faida nyingine. Kisa hiki kinagusa aibu ya kujisalimisha. Quinlan na watu wake walirudi nyumbani wakadharauliwa. Jina la Jadotville likawa la kejeli kambini mwao kwa miaka mingi, mpaka serikali ya Ireland ilipowapa heshima rasmi mwaka 2016 na medali mwaka uliofuata. Watoto wa Camp Vangu, ambao baba zao ni wanajeshi, wanalisikiliza jambo hili kwa sikio lingine. Askari wa FARDC, jeshi la taifa, walioweka silaha chini Goma mwaka 2025 waliitwa kila jina mtandaoni. Mtoto anayesikia kwamba kikosi kizima cha Ulaya kiliishiwa risasi, kikajisalimisha kwa jandarma wa Likasi, na miaka hamsini na tano baadaye kikaheshimiwa, anakwenda nyumbani na neno la kumwambia mama yake.

Udhaifu wake? Wazungu. Wanafunzi wengine watasema: waliishi kwa sababu ni Wazungu, Lumumba alikufa kwa sababu ni Mwafrika. Ni swali la haki, na Jadotville peke yake haiwezi kulijibu. Ndiyo maana unahitaji Kindu.

Kindu: Novemba

Tarehe 11 Novemba 1961, wiki chache tu baada ya Wairishi kuachiliwa, wanajeshi wa anga 13 wa Italia walitua Kindu na ndege mbili za mizigo kuwapelekea chakula na vifaa askari wa Malaya wa Umoja wa Mataifa. Walikamatwa wakiwa mezani wanakula. Waliowakamata walikuwa askari wa jeshi la taifa wa upande wa Stanleyville, wa Antoine Gizenga, aliyekuwa makamu wa Lumumba, wakiamini kwamba ni Wabelgiji wanaopigania Tshombe. Wote 13 waliuawa. Miili ilipatikana miezi kadhaa baadaye, na huko Pisa, kilikokuwa kikosi chao, kuna mahali pa kumbukumbu yao.

Yaani Wazungu, chini ya bendera ileile ya bluu, mwaka uleule. Basi si rangi iliyowaokoa wa Jadotville.

Somo lake ni uvumi. Hakuna aliyesoma karatasi zao, hakuna aliyengoja afisa wa Umoja wa Mataifa aje kuwatambua. "Ni mamluki" ilitosha. Hapa unatoa kifungu cha 5 cha Mkataba wa Tatu: kukiwa na shaka kuhusu mtu aliyekamatwa, alindwe kama mfungwa wa vita mpaka baraza halali liamue yeye ni nani. Ni kifungu cha mistari michache na nadhani ndicho kinachohitajika kuliko vyote Kivu, ambako mtu anaweza kuitwa mpelelezi kwa ajili ya sura au lafudhi. Kwa kikundi cha vijana wa mtaani, wanaoendesha vikundi vya WhatsApp na wanaosambaza picha zenye maandishi "tumemkamata", ningeanza na Kindu na wala si Jadotville.

Kwa watoto wadogo, hapana. Namna Wataliano wale walivyotendewa ni ya kutisha, na maelezo yake yamejaa mtandaoni. Mwanafunzi atayatafuta jioni hiyohiyo. Tena magazeti ya Ulaya ya wakati ule yalikitumia kisa hiki kuonyesha kwamba Mkongo ni mtu wa porini. Ukikifundisha peke yake unaweza kuyasaidia bila kutaka. Kifundishe baada ya Lumumba, ambaye risasi zake ziliamriwa na afisa wa Kibelgiji, na dharau hiyo haipati pa kusimama.

Viwili vya akiba

Saio, Julai 1941. Force Publique, askari Wakongo chini ya maafisa wa Kibelgiji, waliwashinda Waitalia wa Ethiopia. Jenerali Gazzera alijisalimisha pamoja na maelfu ya watu wake. Soko la Gambela la Kinshasa limechukua jina kutoka vita ile. Ni kisa kizuri kwa heshima ya babu zetu, na wazee wanakipenda. Kwa somo la maadili nakiona chepesi: uamuzi kuhusu mateka haukuwa wa Mkongo, na askari aliyeshika zamu ya kulinda Wataliano alikuwa yeye mwenyewe bado anachapwa fimbo na jeshi lake. Kitumie dakika tano, kama utangulizi.

Kilwa, Oktoba 2004, ni kitu kingine kabisa, na kwa wanafunzi wa sheria pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ndicho ningekiweka mbele ya vyote. Kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Jeshi la serikali likaurudisha mji siku iliyofuata, na baada ya hapo watu waliokwisha kushikwa wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja waliokufa wasiopungua 73, kati yao 28 wakiwa wameuawa bila kuhukumiwa. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi, na tarehe 28 Juni 2007 washitakiwa wakaachiwa kwa mashitaka ya uhalifu wa kivita. Familia hazikukata tamaa: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, iliiona nchi yetu ina hatia ikaagiza walalamikaji wanane walipwe dola milioni 2.5. Mwanafunzi wa sheria anapata hapa jeshi, kampuni ya madini iliyotoa magari, mahakama iliyoshindwa, na njia ya kutokea nje ya nchi. Kwa darasa la nne la humanite ni kizito mno, na walionusurika wako hai, baadhi wana ndugu katika mitaa yetu. Si kisa cha kufanyia maigizo.

Ukiviweka sambamba

Darasa la humanite, saa mbili za kozi: Jadotville saa ya kwanza, na bidoni yako. Saa ya pili Lumumba, kwa kipande kimoja tu, ile ndege kutoka Léopoldville, halafu Tshombe wa Algiers. Kindu itaje kwa sentensi chache ili swali la rangi lipate jibu.

Vijana wa mtaani na wenye simu: Kindu, kisha ile picha ya Lumumba ndani ya lori.

Parokia au kanisa, mahali wazee na vijana wamekaa pamoja: Lumumba na Tshombe, hakuna kingine. Wazee watazungumza wenyewe. Kuna wanaokumbuka Januari ile. Uwe na saa mkononi.

Wanajeshi na polisi, kama una nafasi hiyo kupitia kapelani au Croix-Rouge: Jadotville tena, ila upande wa anayejisalimisha, na ukimaliza soma Katiba ya 2006, kifungu cha 28. Kinasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa si halali, na mtumishi wa serikali amefunguliwa kutoka wajibu wa kutii pale amri inapovunja haki za binadamu waziwazi. Nimeona kwamba Katiba inasikilizwa kuliko Geneva. Geneva ni mbali. Katiba imeandikwa na sisi. Kwa watu hao usianze na Lumumba kamwe: watadhani umetumwa na chama.

Kuhusu wale wanaotaka kufundisha vifungu tupu bila kisa, wafanye watakavyo. Sijawahi kuona mwanafunzi anayekumbuka kifungu ambacho hakikuwa na mtu ndani yake.

Jambo dogo la kuangalia: usiwaachie wanafunzi wafikiri kwamba sheria hii inawabana waasi na jandarma peke yao. Desemba 1961, katika mapigano ya mjini hapahapa kati ya Umoja wa Mataifa na Katanga, mjumbe wa CICR (Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu) Georges Olivet aliuawa ndani ya gari la wagonjwa pamoja na watu wawili wa kujitolea wa Croix-Rouge. Na ilichukua mpaka Agosti 1999 kwa Katibu Mkuu kutoa waraka unaosema kwa maandishi kwamba askari wa kofia za bluu nao wanafungwa na sheria za vita.

Kama kuna mtoto wa mateka darasani

Siku hizi ni rahisi kumpata bila kujua. Kabla ya somo, uliza kwa msimamizi wa darasa kama kuna ambaye baba au kaka yake alikuwa Goma au Bukavu. Akiwapo, bidoni isiwekwe mbele yake, na asiulizwe yeye ajibu kwa niaba ya wengine. Mpe nafasi ya kutoka bila kueleza sababu.

Mama yake anaweza kuwa hajui pa kwenda. Mwelekeze kwenye Croix-Rouge ya hapa mjini au ofisi ya CICR. Ndio waliosindikiza mamia ya askari na polisi walionyang'anywa silaha, pamoja na familia zao, kutoka Goma kwenda Kinshasa, kuanzia tarehe 30 Aprili 2025. Na makubaliano ya Doha ya tarehe 14 Septemba 2025 kati ya serikali na waasi wa AFC/M23 yaliwataja kuwa mpatanishi wa katikati katika kubadilishana wafungwa. Mama halipi chochote. Aende na jina kamili la askari, majina ya wazazi wake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya jeshi kama anayo, kikosi chake, na mahali na siku aliposikika mara ya mwisho. Anaweza kuacha barua ya Croix-Rouge: ni karatasi iliyo wazi, inasomwa njiani, kwa hiyo iwe na habari za nyumbani tu. Nani amezaliwa, nani amefaulu mtihani, kodi ya nyumba imelipwa. Habari za vita na za kambi zisiandikwe, zitaizuia barua isifike.

Na amwambie mtu wa CICR ukweli wote anaoujua bila kuogopa kuitwa mahakamani kwa ajili yake. Wanafanya kazi kwa siri, na kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zinawalinda wasilazimishwe kutoa ushahidi. Kwa sababu hiyohiyo, kama familia inatafuta kushitaki, CICR si mlango wake. Huo ni wa wakili na wa ofisi ya auditeri (mwendesha mashitaka) wa jeshi. Nakala za kila karatasi zibaki nyumbani.